Justin Pearson, mbunge aliyeshikizwa kiti kilekile mara mbili

Ukimtajia mtu Tennessee ya 2023 atakumbuka ile video, vijana wawili weusi wako katikati ya ukumbi wa bunge na megafoni mkononi, halafu wiki moja baadaye wanafukuzwa, halafu siku chache tu wako ndani tena. Video imezunguka dunia nzima na kila mtu ana lake la kusema kuhusu bunduki, ubaguzi, nidhamu ya bunge na kadhalika. Sawa. Ila kuna kitu hakikuzunguka kabisa na mi naona ndo kiini cha kisa chote, nacho ni kile kiti chenyewe. Mmoja wa wale vijana, Justin Pearson wa Memphis, alikikalia kiti kimoja kwa kuteuliwa kushikilia kwa muda, kisha kwa kuchaguliwa, kisha akafukuzwa, kisha akateuliwa tena kushikilia kwa muda, kisha akachaguliwa tena, na yote hayo yalitokea kati ya Januari na Agosti ya mwaka mmoja. Nataka tulipitie hili hatua kwa hatua maana watu wakisikia "mbunge wa muda" wanadhani ni mtu wa kujaza nafasi tu, anakaa kimya mpaka mwenye kiti aje.

Kwanza tuwekane sawa, maana hapa watu huwa wanachanganya. Hatuongelei Congress ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, lina Spika wake, lina gavana wake. Bunge la Tennessee linakaa Nashville, na baraza lake la chini lina viti 99. Jimbo lina watu karibu milioni 7 kwa sensa ya 2020, kwa hiyo piga hesabu, kila mbunge mmoja anabeba watu kama elfu 70. Sehemu hizo za uchaguzi nitaziita wilaya, sio wilaya ya mkuu wa wilaya, ni mistari tu iliyochorwa kwa ajili ya kura. Mwaka 2023 Republican walikuwa na viti 75 kati ya hivyo 99. Iweke kichwani hiyo 75, kwa sababu theluthi mbili ya 99 ni 66, na theluthi mbili ndo inayotakiwa kumfukuza mbunge. Maana yake chama kimoja peke yake kinaweza kumtoa mtu nje bila kuomba kura hata moja upande wa pili, na bado kinabakiza akiba ya kura tisa.

Sasa wilaya ya 86. Iko Memphis, kaunti ya Shelby. Kwa miaka mingi ilikuwa ya bibi mmoja aliyeheshimika sana, Barbara Cooper, mwalimu mstaafu, Democrat. Mama huyu alifariki tarehe 25 Oktoba 2022 akiwa na miaka 93, akiwa bado mbunge na akiwa bado mgombea, wiki mbili kabla ya uchaguzi wa Novemba 8. Karatasi za kura zilishachapwa, jina lake lipo, na watu walishaanza kupiga kura za mapema. Wakampigia. Akashinda akiwa ameshafariki. Mi hili jambo huwa linanigusa, kwamba watu wa Memphis walikwenda vituoni wakijua kabisa mama hayupo na bado wakamuwekea alama, ni heshima ya mwisho na pia ni namna ya kusema kiti hiki hatukiachii, tutakijaza wenyewe kwa uchaguzi mdogo.

Ndo hapo Pearson anaingia. Kazaliwa Memphis 1995, baba mhubiri, mama mwalimu, akaenda kusoma chuo cha Bowdoin huko kaskazini kabisa, Maine, halafu akarudi nyumbani. Jina alilipata kwa bomba la mafuta. Kampuni mbili, Plains All American na Valero, zilitaka kupitisha bomba linaitwa Byhalia Connection, kama kilomita 79, na njia waliyoichagua ilikuwa inapita kusini-magharibi ya Memphis, maeneo ya watu weusi kama Boxtown. Boxtown ni mtaa ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani, wakajenga nyumba kwa mbao chakavu za mabehewa ya reli, jina linatokea huko. Chini ya ardhi ile kuna chemichemi kubwa ya maji ambayo mji mzima unakunywa. Halafu mtu wa upande wa mradi kwenye mkutano na wananchi akasema njia ile imechaguliwa kwa sababu ndo yenye upinzani mdogo kuliko zote. Unawaambia watu hivyo mbele yao! Pearson na wenzake wakaunda kikundi cha kupinga, wakapita nyumba kwa nyumba, wakaenda halmashauri, wakaenda mahakamani, na Julai 2021 kampuni zikatangaza mradi umekufa. Kwa hiyo huyu hakuwa kijana aliyeokotwa mahali, watu wa kusini-magharibi ya Memphis walikuwa wameshamuona akipigana na wakubwa na akashinda.

Kura za mchujo za Democrats, yaani za kumpata mgombea wa chama, zilipigwa Januari 24, 2023. Wagombea kumi. Akapata zaidi kidogo ya nusu ya kura, katika kundi la watu kumi hiyo ni kubwa. Republican hawakuweka mtu, kwa hiyo uchaguzi wenyewe uliopangwa Machi 14 ulikuwa wa kukamilisha tu. Shida ni kwamba bunge lilikuwa limeshaanza vikao Januari, na kama mngesubiri mpaka katikati ya Machi watu elfu 70 wanakaa miezi miwili bila sauti wakati miswada inapita.

Hapa sasa ndo Katiba ya Tennessee ina kitu ambacho sisi hatuna. Sisi kiti cha ubunge kikiwa wazi kinabaki wazi mpaka uchaguzi mdogo, basi. Kule ibara ya 2, kifungu cha 15, inasema kiti kikibaki wazi, chombo cha kutunga sheria cha eneo husika, yaani madiwani wa kaunti au wa mji, wanaweza kumchagua mtu wa kukishikilia kwa muda mpaka uchaguzi ufanyike. Kama imebaki miezi 12 au zaidi kufika uchaguzi mkuu ujao lazima uitishwe uchaguzi mdogo, kama imebaki chini ya hapo basi yule wa muda anamalizia kipindi. Madiwani wa Shelby wakatumia kifungu hicho, wakaangalia nani kashinda mchujo, wakampa Pearson kiti cha kushikilia. Hiyo ndo mara ya kwanza.

Angalia utaratibu wao maana nitaurudia mbele. Hawakukaa chumbani wakachagua rafiki yao. Walisubiri wananchi wapige mchujo kwanza, ndo wakaweka mhuri.

Akaapishwa Februari. Akaingia bungeni na dashiki nyeusi na afro yake. Ikawa kesi. Mbunge mmoja akasimama kuongelea koti na tai na heshima ya ukumbi, na ukurasa wa wabunge wa Republican mtandaoni ukaandika maneno ambayo kwa ufupi ni kwamba kama hupendi kufuata kanuni katafute kazi nyingine. Huyu mtu ana siku chache kazini na anashikilia tu, hata uchaguzi wake haujafika. Nalitaja hili la nguo kwa sababu ukiliruka unaweza kudhani ugomvi ulianza na megafoni. Haukuanza hapo.

Machi 14 uchaguzi ukafanyika, hakuna mpinzani kwenye karatasi, Pearson akawa mbunge kamili. Siku 13 baadaye, Machi 27, mtu mwenye silaha akaingia shule ya msingi ya Covenant pale Nashville akaua watu sita, watatu kati yao watoto wa miaka tisa. Wazazi na wanafunzi wakamiminika bungeni kwa maelfu. Alhamisi ya Machi 30 korido zimejaa, watu wanapiga kelele kutaka sheria za bunduki, na ndani ukumbini ratiba inaendelea kama kawaida na wabunge waliotaka kuliongelea suala hilo wanasema walikuwa wanazimiwa vipaza sauti. Katikati ya miswada miwili, Pearson, Justin Jones wa Nashville na Gloria Johnson wa Knoxville wakatembea mpaka mbele kabisa pale anapoongelea msemaji, bila kuitwa na Spika. Pearson na Jones wakashika megafoni wakaongoza kelele za watu waliokuwa juu kwenye roshani. Johnson alisimama nao ila hakushika megafoni. Shughuli zikasimama.

Je walivunja kanuni? Ndio, walivunja, na wao wenyewe hawakukataa. Huwezi kusimama mbele ya bunge na megafoni bila ruhusa ukasema uko ndani ya kanuni. Nalisema wazi kwa sababu nimeona watu wanaowapenda wanalirukaruka. Swali ni adhabu. Kulikuwa na karipio, kulikuwa na kuondolewa kwenye kamati, na hilo la kamati lilishaanza kufanyika. Spika Cameron Sexton yeye alilinganisha tukio na ule uvamizi wa bunge la Marekani kule Washington wa Januari 6, 2021, na Aprili 3 yakawasilishwa maazimio matatu ya kuwafukuza.

Aprili 6, Alhamisi Kuu. Alianza Jones, kura 72 kwa 25, nje. Akafuata Johnson, 65 kwa 30. Inatakiwa 66. Kura moja! Akabaki. Wa mwisho Pearson, 69 kwa 26, nje. Katika mjadala, mbunge Andrew Farmer alimwambia Pearson kwamba yale aliyoyafanya yalikuwa hasira za kitoto, na Pearson akamjibu palepale kwa sauti ya mimbarani, ile sauti ya mtoto wa mchungaji, na kwenye maneno yake ya mwisho akawapitisha kwenye Ijumaa ya msalaba, Jumamosi ya ukimya, mpaka Jumapili. Waandishi walipomuuliza Johnson kwa nini yeye kabaki na wenzake wametoka, mama mzungu wa miaka 60, mwalimu, akasema huenda ni kwa sababu ya rangi ya ngozi zao. Wabunge wa Republican walikataa hilo, wakasema tofauti ni megafoni, yeye hakuishika. Hoja ya megafoni ipo na haiwezi kufutwa. Lakini azimio lilikuwa la kuvunja heshima ya bunge kwa kwenda mbele bila kuitwa, na watatu wote walikwenda mbele bila kuitwa, na mwenye dashiki aliyekaribishwa Februari kwa kuambiwa akatafute kazi nyingine ndo huyohuyo kafukuzwa Aprili. Mi siwezi kuitenganisha Februari na Aprili, na sioni namna ya kumlaumu mtu wa Memphis ambaye naye hawezi.

Siku 23. Kutoka kuchaguliwa mpaka kufukuzwa, siku 23.

Na uzito wa adhabu yenyewe unaonekana ukiangalia nani aliwahi kufukuzwa kule. Mwaka 1866 walifukuzwa sita waliokimbia ili akidi isitimie, wasipitishe marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale ya uraia wa watu waliotoka utumwani. Mwaka 1980 akafukuzwa mmoja kwa rushwa. Mwaka 2016 Jeremy Durham, baada ya uchunguzi wa mwenendo wake kwa wanawake wengi. Baraza la juu, Seneti, lilimfukuza mmoja 2022 baada ya kukutwa na hatia mahakamani. Rushwa, hatia, uchunguzi. Halafu 2023, megafoni. Kwenye kundi hilo haikai.

Sasa turudi kwenye kiti, ndo nilichokusudia.

Usiku ule wa Aprili 6 watu wengi walidhani imekwisha. Kumbe kumfukuza mbunge kunaacha kiti wazi, na kiti kikiwa wazi kifungu cha 15 kinaamka chenyewe, na kifungu cha 15 hakisemi bunge ndo litajaza. Kinasema madiwani wa kule alikotoka. Na hakuna mahali panaposema aliyefukuzwa haruhusiwi kurudi. Tena kifungu cha 12 cha ibara hiyohiyo, hicho hicho kinachowapa nguvu ya kufukuza, kinasema huwezi kumfukuza mtu mara ya pili kwa kosa lilelile. Yaani waliotumia panga walitumia makali yote siku moja. Nguvu ya kufukuza iko Nashville, nguvu ya kujaza iko kwa madiwani wa Memphis, na waliotunga Katiba walizitenganisha.

Jones alirudi kwanza kwa sababu Nashville ni palepale. Jumatatu Aprili 10 madiwani wa mji wakakaa, kura 36 kwa 0, wakatoka naye kwa maandamano mpaka ngazi za bunge akaapishwa. Na aliyelipeleka jina lake mbele ya baraza ni Delishia Porterfield, diwani ambaye mwaka uliotangulia aligombea naye kiti hichohicho kwenye mchujo akashindwa. Angeweza kukaa kimya. Angeweza hata kukitaka yeye. Hilo nalo halikuzunguka mtandaoni na lilistahili.

Memphis wakakaa Jumatano, Aprili 12. Watu walianza kutembea kutoka makumbusho ya haki za kiraia, ambayo ndo ile moteli ya Lorraine alipouawa Martin Luther King Aprili 4, 1968, alipokuja kusimama na wazoa taka waliogoma. Ilikuwa imepita miaka 55 na wiki moja na siku moja. Wakatembea na Pearson mpaka kwenye ukumbi wa madiwani wa kaunti. Baraza lina watu 13. Walioingia na kupiga kura ni 7, wote ndio, 7 kwa 0. Sita hawakupiga. Kesho yake, Aprili 13, akala kiapo nje ya jengo la bunge, akaingia ndani. Viongozi wa Republican walishatoa tamko kwamba wakirudishwa watapokelewa ila wafuate kanuni kama wengine.

Siku sita bila mbunge, halafu mbunge yuleyule. Mara ya pili kushikizwa, madiwani walewale wa kaunti ileile.

Hiyo 7 kwa 13 kuna watu wameitumia kusema mbona ni wachache, watu saba wanawachagulia watu elfu 70? Ni swali la haki na sitaki kulipuuza, kwa sababu kweli ndo udhaifu wa kiti cha muda. Ukiwa na madiwani wenye njama wanaweza kumpachika mtu wao, akapata jina, akapata ofisi, akaenda kwenye uchaguzi mdogo akiwa tayari anaitwa mheshimiwa huku wenzake wanaanza sifuri. Huko Marekani hilo linatokea na linalalamikiwa sana. Lakini tazama walichokifanya Shelby mara zote mbili. Mara ya kwanza wananchi walishamchagua kwenye mchujo. Mara ya pili wananchi walishamchagua kwenye mchujo na kwenye uchaguzi wenyewe, wiki nne nyuma. Wale saba hawakuwa wanachagua, walikuwa wanarudisha. Kiti cha muda kinakuwa kibaya pale wanaoteua wanapotangulia mbele ya wapiga kura, na hawa mara zote mbili walikuwa nyuma yao.

Halafu kuna jambo la muda wenyewe. Aliapishwa Aprili 13, na bunge likafunga kikao cha mwaka Aprili 21. Siku nane! Miezi mitatu na kitu iliyobaki mpaka uchaguzi mdogo alikuwa mbunge wa muda wa bunge ambalo halikai. Ukitaka kupima rekodi yake ya kutunga sheria katika kipindi hicho hakuna cha kupima, na kumhukumu kwa miswada aliyopitisha ni kutoelewa hali, mtu mmoja wa upande wenye viti 24 hivi dhidi ya 75, siku nane. Gavana Bill Lee alisaini amri kuhusu ukaguzi wa wanunuzi wa silaha na akaliomba bunge lipitishe sheria ya kumnyang'anya bunduki mtu aliye hatari, bunge likafunga bila kuipitisha. Alichofanya Pearson miezi hiyo ni kutumia jina. Aprili 24 yeye, Jones na Johnson walikuwa ikulu ya Marekani kwa Rais Biden. Makamu wa Rais Kamala Harris alishatua Nashville Aprili 7, siku moja tu baada ya kufukuzwa kwao, akaongea chuo cha Fisk. Mbunge wa muda wa wilaya ambayo Wamarekani wengi wasingeweza kuionyesha kwenye ramani alikuwa anajulikana kuliko Spika aliyemfukuza.

Kuna watu wanaona hii ni mpya. Siyo. Mwaka 1965 Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25, alichaguliwa bunge la jimbo la Georgia. Januari 1966 bunge likakataa kumuapisha, kura 184 kwa 12, kwa sababu aliunga mkono tamko la kupinga vita ya Vietnam. Ukaitishwa uchaguzi mdogo Februari, akashinda tena. Wakamkataa tena. Novemba akashinda mara ya tatu. Desemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba bunge lilikuwa limevunja haki yake ya kusema, akaapishwa, na alikaa kwenye siasa za Georgia miaka mingi sana. Bond hakuwa na madiwani wa kumshikiza kiti, ndo maana ilimchukua mwaka mzima. Pearson ilimchukua siku sita, kwa kifungu kimoja cha Katiba ambacho kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anakijali.

Uchaguzi mdogo. Sheria ya Tennessee inabana tarehe, gavana akishatoa hati ya uchaguzi, mchujo unafanyika ndani ya siku 55 mpaka 60 na uchaguzi wenyewe ndani ya siku 100 mpaka 107, kwa hiyo ikawa mchujo Juni 15 na uchaguzi Agosti 3, zote Alhamisi. Pearson alishinda mchujo. Agosti 3 akasimama na mgombea huru, akapata zaidi ya asilimia 90. Jones kule Nashville alikuwa na mpinzani wa Republican, akapata zaidi ya robo tatu ya kura. Siku ileile kuna kiti kingine nacho kilikuwa kinajazwa, cha Scotty Campbell, mmoja wa viongozi wa wabunge wa Republican. Kamati ya maadili ilishamkuta amevunja sera ya bunge dhidi ya unyanyasaji mahali pa kazi mwishoni mwa Machi, na Aprili 6 aliendelea kukaa na akapiga kura ya kuwafukuza kina Pearson. Alijiuzulu Aprili 20 baada ya habari kutoka kwenye televisheni. Hakuna azimio la kumfukuza lililopigiwa kura. Naomba msomaji aziweke hizo tarehe mbili sambamba, mwisho wa Machi na Aprili 6, aangalie mwenyewe.

Baada ya hapo rekodi yake inakuwa ya kawaida. Agosti hiyohiyo gavana akaitisha kikao maalum cha usalama, kikaanza Agosti 21 na kuisha Agosti 29 bila ile sheria ya kunyang'anya bunduki, na dakika za mwisho Pearson na Spika Sexton wakagongana mabega pale mbele, video ikazunguka nayo. Novemba 2024 akachaguliwa tena, safari hii kwa muhula kamili wa miaka miwili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwahi kupata kabla. Oktoba 2025 akatangaza kwamba atampinga Steve Cohen, mzee aliyekuwa mbunge wa Memphis kule Washington tangu 2007, ndani ya chama kilekile. Hilo walikuwepo walioliunga mkono na walikuwepo Democrats walioliona ni haraka, na mi nadhani wote wana hoja.

Ila kuna hesabu moja ambayo huwa sioni mtu akiifanya, ya wapiga kura na sio ya Pearson. Mkazi wa wilaya ya 86 aliyeamua kutimiza wajibu wake wote alikwenda kituoni Novemba 8, 2022 akampigia mama Cooper aliyekuwa ameshafariki. Akarudi Januari 24 kwenye mchujo. Akarudi Machi 14. Akarudi Juni 15. Akarudi Agosti 3. Mara tano ndani ya miezi isiyofika tisa, kwa kiti kimoja, na mbili za mwisho hazikusababishwa na kifo wala kujiuzulu, zilisababishwa na watu 69 walioketi Nashville, kilomita zaidi ya 300 kutoka Boxtown. Na mara ya tano, katikati ya joto la Agosti, matokeo yakawa yaleyale, safari hii kwa zaidi ya asilimia 90.